Jinsi jenomu za viini zinavyofichua chakula kinachoua

MTU akiumwa na tumbo leo, daktari humuuliza alikula nini jana. Lakini viko viini vinavyoweza kujificha mwilini hadi siku 70 kabla ya kumlaza mgonjwa kitandani. Ni nani akumbukaye mlo wa miezi miwili iliyopita?

Hilo ndilo fumbo lililowakabili wataalamu wa Afrika Kusini mnamo 2017, ugonjwa wa listeriosisi ulipozuka. Waathiriwa walitoka mikoa mbalimbali na hawakujuana. Wengi walikuwa watoto wachanga, walioambukizwa na mama zao.

Jawabu lilianzia katika jenomu, yaani maelezo yote ya urithi yaliyomo ndani ya kiini. Maelezo hayo ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne pekee. Kile cha bakteria ya Listeria kina takriban herufi milioni tatu. Bakteria wanapozaana, mara mojamoja kosa hutokea katika kunakili. Kwa hivyo, viini vyenye herufi zinazokaribia kulingana kabisa huwa ni ndugu wa karibu, na yamkini vimetoka chungu kimoja.

Ilibainika kuwa zaidi ya asilimia 90 ya sampuli za wagonjwa zilizosomwa zilikuwa za ukoo mmoja, uitwao ST6. Chanzo kilikuwa kimoja, ila chakula chenyewe hakikujulikana.

Januari 2018, watoto wa shule moja ya chekechea mjini Soweto waliugua. Walikuwa wamekula poloni, nyama iliyosindikwa ambayo huliwa bila kupikwa tena. Wakaguzi waliifuata hadi viwandani, na katika kiwanda kimoja mjini Polokwane wakakuta ST6. Machi 4 serikali ilitangaza matokeo hayo na bidhaa zikaondolewa madukani. Kufikia mwisho wa mkurupuko huo, watu 1,060 walikuwa wameambukizwa, na 216 kati yao walijulikana kufariki.

Aidha, herufi hizo hizo hufichua jeni zinazokiwezesha kiini kuhimili dawa. Utafiti uliochapishwa mnamo 2015 ulilinganisha viini vya homa ya matumbo kutoka mataifa 63. Ulionyesha kuwa ukoo wa H58, ambao aghalabu ni sugu kwa dawa kadhaa, ulienea kutoka Asia Kusini hadi Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Daktari mwenye habari hizo hujiepusha na dawa isiyofaa.

Hata hivyo, mashine haiwezi kusoma kisicholetwa mbele yake. Mgonjwa anayenunua vidonge dukani bila kupimwa haachi sampuli, na kiwanda kisichokaguliwa hakina cha kulinganishwa. Wahenga walinena: ukiona mwenzako ananyolewa, tia chako maji.