Hiari ya Mwanadamu na Asili ya Dhambi (Sehemu ya Pili): Amana Ambayo Milima Iliikataa

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza, kwa kadiri ya uwezo wetu, kwamba elimu ya Mwenyezi Mungu juu ya mambo yajayo haimlazimishi mja kuyatenda, kwa kuwa ajuaye si lazima awe ndiye ashurutishaye. Leo tunaliingia swali lililo zito zaidi ya lile, ambalo waulizaji wake hawakosekani, misikitini wala makanisani, nalo ni hili: ikiwa Mola alijua tangu azali kwamba mwanadamu atakosa, na alikuwa na kudura ya kuumba kiumbe asiyeweza kukosa, kwa hekima gani basi alimpa hiari, na pamoja na hiari hiyo akamwachia uwezo wa kutenda dhambi?

Tumechagua kulijibu swali hili kwa kusimama mahali pamoja, nako ni Hombolo, katika nchi ya Ugogo, takriban kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma. Kwa maana mazungumzo ya hiari yakiachwa bila ya watu na ardhi hugeuka kuwa ushindani wa maneno matupu, ilhali yakipewa mahali na tarehe huonekana uzito wake. Ni nchi kavu, yenye mvua za msimu mmoja tu, ambayo wakazi wake wameishi karne nyingi kwa uwele, mtama na mifugo, wakimwita Muumba wao Mulungu. Na katika nchi ya namna hiyo neno moja la mtu mwenye mamlaka, au tendo moja la jirani, laweza kuwa ndiyo tofauti ya uhai na mauti.

Kwanza tutazame kwa ufupi waliyoyasema wanavyuoni waliotutangulia. Katika karne za mwanzo za Uislamu walitokea watu walioitwa Jabriya, waliodai kwamba mja hana hiari hata kidogo, na kwamba kila atendalo amelazimishwa. Wakatokea na Mu'tazila, wakasema kwamba uadilifu wa Mungu hautimii ila mja awe ndiye mwenye kuyaleta matendo yake mwenyewe, ama sivyo adhabu ingekuwa dhuluma. Imam Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad katika karne ya 10, ambaye mafundisho yake ndiyo yaliyoenea kwa Mashafii wengi wa pwani yetu, alishika njia ya katikati: Mungu ndiye Muumba wa kila kitendo, lakini mja hukichuma kitendo kwa kukikusudia, na kwa uchumi huo ndipo anapostahili thawabu au adhabu. Kwa upande wa Wakristo, Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Aljeria, na kufariki akiwa askofu wa Hippo mwaka 430, aliandika vitabu vitatu juu ya hiari, akafundisha kwamba utashi wa mwanadamu ni kitu chema, kwa sababu pasipo huo hakuna awezaye kuishi kwa haki, ijapokuwa mwenye nao aweza kuutumia vibaya. Na alipokuwa mtu mzima zaidi akasisitiza kwamba utashi huo, ukishaanguka, hausimami tena ila kwa neema.

Madhehebu hizi zimetofautiana katika mengi, na tofauti zao si ndogo. Walakini zote mbili, njia ya al-Ash'ari na njia ya Augustino, zinakutana katika jambo moja, kwamba mwanadamu huulizwa kwa alilolikusudia. Na vitabu vitakatifu vinashuhudia vivyo hivyo. Katika Taurati, Musa anawawekea Wana wa Israeli uzima na mauti mbele yao na kuwausia wauchague uzima, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama uchaguzi wenyewe haupo. Na katika sura ya 33 ya Kurani imetajwa amana iliyodhihirishwa kwa mbingu na ardhi na milima, vyote vikaogopa kuichukua, akaichukua mwanadamu. Wafasiri wengi wameieleza amana hiyo kuwa ni taklifu, yaani kule kuamrishwa na kukatazwa kwa mwenye uwezo wa kutii na wa kuasi.

Hapo, kwa itikadi yetu, ndipo ulipo ufunguo wa swali letu. Amana haiwekwi ila kwa yule awezaye kufanya khiyana. Mtu akitia fedha zake katika shimo la mwamba hakuziweka amana, amezificha tu. Bali akimkabidhi mtu mwenye mikono, mwenye haja zake na tamaa zake, na mtu yule akazirudisha kamili, hapo ndipo neno uaminifu linapopata mwenyewe. Hapo Hombolo pana bwawa kubwa lililojengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1957, na kila msimu mvua ikinyesha katika nchi ya juu, maji hushuka yakalijaza, watu wakavua samaki na kumwagilia mizabibu yao. Lakini hakuna mwenye akili atakayesema kwamba maji yale ni macha Mungu kwa kuwa yamewanywesha wenye kiu, maana yameshuka kwa kuwa hayakuweza kupanda. Kiumbe asiyeweza kuasi angekuwa katika daraja ile ile ya maji: mwenye manufaa pengine, mzuri wa kutazamwa pengine, lakini asiye na utii, asiye na shukrani, wala asiye na mapenzi, kwani mambo hayo matatu hayapatikani ila kwa aliyekuwa na njia ya kuyakataa. Basi Mungu hakuitaka dhambi. Alitaka kiumbe ampendaye kwa ridhaa yake, na uwezo wa dhambi ni kivuli kisichoweza kutenganishwa na zawadi hiyo.

Lakini msomaji asidhani kwamba tunalisema hili kwa wepesi, kama watu wasioujua uchungu wa kivuli hicho. Ugogo unaujua. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za watu, wakachukua na vijana wakawafanya wapagazi. Na Waingereza walipouteka Dodoma mnamo Julai 1916 nao wakaendelea kudai ng'ombe, nafaka na wapagazi kwa ajili ya majeshi yao. Kisha mvua zikakosekana, na nchi ambayo ghala zake zimekwisha kufagiliwa na mifugo yake kuswagwa haikuwa tena na akiba ya kukipokea kiangazi kile. Njaa iliyofuata, iliyodumu hadi mwaka 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu. Mtu akiuliza, Mtunya ilitoka kwa nani, jawabu lililo la haki ni hili: ukame haukuwa wa mtu, na nchi hii ilikuwa imeuona ukame mara nyingi kabla ya hapo, bali kule kukuta ghala tupu kulitoka katika amri za watu, zilizoandikwa kwa kalamu, ambazo waandishi wake waliweza kuziandika vinginevyo. Kuupachika msiba wote kwa Mungu ni kuwaondolea hatia waliokuwa nayo, na ni kumsingizia asiyesingiziwa.

Basi tugeuze upande wa pili, maana hiari ile ile iliyofagia ghala ndiyo iliyofanya mambo ambayo hakuna sheria ingaliweza kuyalazimisha. Kwa miaka mingi Hombolo imejulikana kwa kituo chake cha wagonjwa wa ukoma, kilichowekwa na Kanisa la Anglikana, ambalo dayosisi yake ya Tanganyika ya Kati iliundwa mwaka 1927. Daktari Hansen wa Norway alikigundua kijidudu cha ukoma mwaka 1873, lakini habari hiyo haikuwafikia upesi wale waliokuwa wakimhukumu mgonjwa kuwa amelaaniwa, na watu wengi walitengwa na jamaa zao kwa hukumu hiyo. Kabla ya dawa zilizochanganywa, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 1981, uuguzi wa ugonjwa huu ulikuwa kazi ya miaka: kuosha vidonda, kufunga vitambaa, kumfundisha mtu asiyehisi maumivu kuitazama miguu yake kila jioni. Aliyeifanya kazi hiyo aliweza kuikataa, na wengi waliikataa. Thamani ya mkono uliokiosha kidonda imo katika kuwa mkono huo uliweza kubaki mfukoni. Na kama Mungu angaliwaumba watu wote kwa namna ya kutoweza kumtenga mgonjwa, ukoma ungaliuguzwa bila ya shaka, lakini huruma isingalipata kuwako duniani.

Yupo atakayesema, ingalikuwa bora wema ulazimishwe kuliko uovu uachwe huru. Hoja hii si ya kudharauliwa, na nchi yetu imepata kuijaribu kwa macho yake. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandiko yake ya Oktoba 1968 juu ya uhuru na maendeleo, alishikilia kwamba vijiji vya ujamaa viundwe kwa ridhaa ya watu wenyewe, wala asishurutishwe mtu. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishiwa watu vijijini kwa operesheni mnamo mwaka 1971, na Novemba 1973 kuhamia vijijini kukatangazwa kuwa ni amri kwa nchi nzima. Haifai kukana kwamba huduma nyingi, kama shule na zahanati, ziliwafikia watu kwa wepesi zaidi baada ya kukusanyika. Lakini moyo wa ujamaa, yaani ule udugu wa kulima shamba moja na kugawana kwa haki, haukuhama pamoja na mizigo, na mashamba ya pamoja katika vijiji vingi yakadorora. Amri iliweza kuzisogeza nyumba, haikuweza kuzisogeza nia. Ikiwa hilo ndilo funzo katika jambo la kidunia, seuze katika ibada, ambayo asili yake yote ni nia.

Mwaka 1955 mwanafalsafa John Mackie, mzaliwa wa Sydney, aliileta hujja kwa njia kali zaidi. Alisema: ikiwa yamkini mtu kuchagua jema kwa hiari yake mara moja, basi yamkini pia kulichagua kila mara, kwa nini Mungu mwenye uwezo wote hakuumba watu ambao kwa hiari yao watachagua jema siku zote? Alvin Plantinga wa Marekani alimjibu kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1974, na kiini cha jawabu lake ni kwamba jambo laweza kuwa yamkini lenyewe, lakini lisiwe katika mambo yanayoweza kutimizwa na Mungu peke yake, maana sehemu yake moja imewekwa mikononi mwa mchaguaji. Nasi tunaliona jawabu hilo kuwa sahihi: anayekuhakikishia matokeo ya uchaguzi wako kabla hujachagua hakukupa uchaguzi, amekupa sura yake tu.

Linabaki swali linaloumiza kuliko yote, la mtoto aliyekufa katika Mtunya bila ya kuchagua lolote. Kwa nini yeye ailipe hiari ya wengine? Hatuna maneno ya kuufuta uchungu huo, wala hatuyatafuti. Tunasema tu kwamba dunia ambayo tendo langu haliwezi kukudhuru ni dunia ambayo tendo langu haliwezi kukufaa; lau kila gunia lililoporwa lingalirejeshwa ghalani usiku kwa muujiza, basi unyang'anyi usingalikuwa unyang'anyi, na aliyegawana pishi yake ya mwisho na jirani asingalikuwa ametoa kitu. Tumeumbwa tukiwa tumefungamanishwa, ili tuweze kubebana, na kwa fundo lilo hilo twaweza kuangushana. Ndiyo sababu dini zetu zote mbili zinafundisha siku ya hisabu, ambayo haki ya mdhulumiwa haipotei. Maana hiari bila ya hisabu ingekuwa kweli ni ukatili.

Tena hisabu hiyo ni ya uadilifu. Sheria ya Kiislamu imemwondolea kalamu mtoto hata abaleghe, aliyelala hata aamke, na mwendawazimu hata arejewe na akili. Na wanateolojia wa Kikristo nao hawamhesabii mtu dhambi ya mauti isipokuwa amejua na ameridhia. Kwa hivyo hatusemi kwamba watu wote wamepewa hiari kwa kipimo kimoja, wala kwamba mwenye njaa yuko huru sawasawa na aliyeshiba. Kila mmoja ataulizwa kwa kadiri ya alichokabidhiwa, na aliyekabidhiwa kingi ataulizwa kingi.

Na hapo ndipo mazungumzo haya yanapotugusa sisi tulio hai. Hombolo ya leo ina Chuo cha Serikali za Mitaa, ambapo hufundishwa watu watakaokwenda kushika hesabu za halmashauri, kusimamia miradi na kuwahudumia wananchi vijijini. Kila mmoja wao atakabidhiwa funguo ambazo aweza kuzitumia vibaya, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumkabidhi mtu kazi. Akila fedha za kisima, na wanakijiji wakasema ni mapenzi ya Mungu, watakuwa wamekosea mara mbili: wamemsamehe asiyeomba msamaha, na wamemshitaki asiyekosa.

Basi, ndugu msomaji, neno tunaloomba ulishike ni hili: usiseme kadari mahali ambapo pana mtu aliyechagua, wala usimtwike Mungu mzigo ulioutwaa mwenyewe. Aliyekupa uwezo wa kukosa ndiye aliyekupa uwezo wa kuacha, na wa kurudi baada ya kukosa. Na juu ya kurudi huko, yaani toba na neema, tutasema katika sehemu ya tatu, Inshallah.