Gari Jeupe Katika Vumbi: Nta au Silanti?

Kwa mkazi wa Nyakabuye, katika Wilaya ya Rusizi, vumbi si jambo geni. Mahali hapa pako kusini-magharibi mwa Rwanda, kando ya bonde la Bugarama, sehemu ya nchi hiyo iliyo chini na yenye joto kuliko nyingine zote. Hapo zipo chemchemi za maji ya moto ziitwazo Amashyuza, na jirani yake kipo kiwanda cha CIMERWA, kilichoanza kutengeneza saruji mwaka 1984 kwa kutumia mawe ya chokaa ya eneo hilo hilo. Malori hupita yakiwa na shehena za saruji. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hutimua vumbi la barabara za udongo, na mvua zinazofuata huligeuza vumbi hilo kuwa tope.

Katika mazingira hayo, mwenye gari jeupe au la rangi ya fedha hukabiliwa na swali moja: je, alipake nta au silanti? Swali hili si la urembo tu. Kwa mtu ambaye gari ndilo shamba lake, rangi ikifa bati huanza kushika kutu, abiria humkwepa, na siku ya kuliuza bei huanguka. Kupaka rangi upya ni gharama inayoweza kumeza mapato ya miezi mingi.

Tofauti ya vitu hivi viwili

Nta bora ya magari hutokana na mkarnauba, mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mti huo huyavika majani yake nta ngumu ili yasipoteze maji wakati wa ukame. Watu huyakausha majani, hukung'uta nta, na viwanda huichanganya na mafuta ili ipakike. Nta hiyo huyeyuka katika joto la zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi, ilhali ile ya nyuki huyeyuka katika nyuzi zipatazo 63.

Silanti haitoki shambani. Ni dawa ya kiwandani iliyotengenezwa kwa polimeri, ambazo zikikauka hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kuing'ang'ania rangi. Kwa kawaida nta hudumu wiki chache, au miezi miwili ikibahatika. Silanti nzuri hudumu miezi minne hadi sita, na pengine zaidi.

Wapo wasemao kwamba nta huyeyuka juani ikatiririka. Hilo si kweli kwa gari jeupe, kwa sababu rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na bati lake halipati moto kama la gari jeusi. Kinachoimaliza nta ni mvua, sabuni kali, na kusuguliwa kila siku.

Kwa nini rangi nyepesi hutaka silanti

Sifa kuu ya nta ni kuipa rangi kina, kana kwamba mtu anatazama ndani ya maji. Lakini kina hicho huonekana katika gari jeusi, jekundu au la buluu iliyokolea. Katika gari jeupe jicho halikioni sana. Kinachoonekana ni usafi na mng'ao mkavu kama wa kioo, na hapo silanti ndiyo yenye nguvu. Tena, nta ina mafuta mafuta. Vumbi hunata juu yake, na weupe huanza kufifia kabla nta yenyewe haijaisha.

Basi mwenye gari jeupe akichagua nta, analipia sifa isiyoonekana na kuubeba udhaifu unaoonekana. Kwa mazingira ya vumbi na mvua, silanti ndiyo chaguo la busara. Hata hivyo, asiye na uwezo wa kuinunua asiache gari wazi. Nta inayopakwa kila mwezi ni bora kuliko silanti iliyobaki dukani.

Namna ya kupaka

Kwanza yafaa kujua kama gari lina vanishi juu ya rangi. Sugua kidogo kwa polishi mahali pasipoonekana. Watu wengi hutumia kitambaa cheupe, na kwa gari jeupe hawaoni kitu, tumia cheusi. Kitambaa kikitoka na weupe, gari halina vanishi, na rangi yake iliyozeeka hutoa unga. Unga huo sharti uondolewe kwanza.

Pili, osha, kausha, kisha pangusa kwa spiriti ili mafuta na nta ya zamani vitoke. Silanti haishiki juu ya nta. Nta yaweza kupakwa juu ya silanti, wala si kinyume chake.

Tatu, paka kivulini, bati likiwa la baridi, tabaka jembamba, sehemu moja moja. Juu ya rangi nyeupe ukungu wa silanti iliyokauka hauonekani upesi. Inama utazame kwa upande kabla ya kufuta. Kisha liepushe gari na mvua kwa muda ulioandikwa katika kopo. Anayepaka mwezi wa Agosti, na tena Februari, huwa amejikinga kabla ya misimu yote miwili ya mvua.

Adui aliye mkononi

Hata silanti bora haiwezi kumshinda dereva mwenye kitambaa kikavu. Kila asubuhi hupangusa vumbi, naye haoni kwamba anasugua mchanga juu ya vanishi. Bandu bandu humaliza gogo. Vumbi la saruji ni baya zaidi: likipata unyevu huganda, na ukali wake wa chokaa hula rangi. Lisifutwe kamwe likiwa kavu. Lioshwe kwa maji mengi. Likiwa limekwisha kuganda, siki iliyochanganywa na maji hulilainisha, kisha suuza mara moja.

Maji ya chemchemi zenye chokaa nayo hayafai, kwani yakikauka huacha madoa. Wala mtoni si mahali pa kuoshea gari, kwa kuwa sabuni na mafuta huteremka hadi kwa wanaochota chini. Ndoo mbili za maji safi, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, zinatosha.

Ukitaka kujua kama kinga ingalipo, mwagia maji. Yakijikusanya matone matone na kuteleza, kinga ipo. Yakitandaa kama juu ya meza kuukuu, siku ya kupaka tena imewadia.