Vitofali vya Kuchezea: Tuvipange Ili Watoto Wavitumie

Kuna vikundi vinavyoendesha nasari ambavyo vimeletewa msaada wa vitu vya kuchezea. Kati yake mara nyingi huwa kuna vile vitofali vidogo vya plastiki vya rangi mbalimbali, vinavyoshikana kimoja juu ya kingine. Huja kwa katoni au gunia, vyote vimechanganyika: vitofali, magurudumu, vifuniko vya chupa, hata misumari. Wiki ya kwanza watoto wanafurahi. Ya tatu mwalimu amechoka kuokota, vingine vimepotea, na kamati inaamua katoni ifungiwe stoo mpaka wageni waje. Basi mtoto aliyeletewa hapati kitu.

Dawa yake si kufuli. Ni kupanga. Kazi hii ni ya asubuhi moja kwa watu watano au sita, na haihitaji pesa nyingi.

VITOFALI HIVI NI NINI?

Vinavyojulikana zaidi ni vya LEGO, kutoka Denmark. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala, Ole Kirk Christiansen, na mwanzo vitu vyake vilikuwa vya mbao. Umbo la sasa, lenye vinundu juu na mirija ndani kwa chini, lilisajiliwa mwaka 1958. Vipimo havijabadilika tangu hapo. Kwa hivyo kitofali cha zamani sana bado kinashikana na cha leo, na msaada wa mitumba si takataka.

Tusivione kama mchezo tu. Vitofali sita vya vinundu nane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa njia zaidi ya milioni 900. Mtoto anayejenga anahesabu, anapima, anajaribu, anabomoa na kuanza tena.

KWANZA: USALAMA WA WADOGO

Hili ndilo jambo kubwa. Kuna vitofali vya aina mbili. Vikubwa, vinavyoitwa Duplo, vilianza mwaka 1969, na ni mara mbili ya vidogo kwa urefu, upana na kimo. Vilitengenezwa hivyo ili mtoto mdogo asivimeze. Vile vidogo visitumiwe na mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu vinaweza kumkaba koo.

Kumbukeni kwamba siku ya mkutano akina mama huja na wachanga, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu sakafuni. Kwa hivyo aina hizi mbili zisikae chombo kimoja kamwe. Pia kikubwa hushikana juu ya kidogo, kwa hivyo baada ya mchezo angalieni kama kuna kidogo kimejificha ndani ya kikubwa.

Mtoto akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akishindwa kupumua, mwinamisheni mbele, mpigeni mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha mkono, huku mwingine akikimbilia msaada. Msitie kidole kooni kutafuta kitu msichokiona. Ni vizuri mhudumu wa afya ya jamii awaonyeshe jambo hili kikundini, kwa vitendo, kabla halijatokea.

KUOSHA

Tandazeni gunia safi, mwageni vyote, mtoe visivyohusika. Kitofali kilichopasuka kinakata vidole, kitupeni.

Osheni kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Maji yasizidi nyuzi 40. Mkiona mkono haukai ndani, ni moto sana, na plastiki itapinda. Njia rahisi ni kuvitia kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu, kuvitikisa ndani ya karai, halafu kuutundika mfuko kivulini. Jua kali la siku nyingi huharibu rangi, vyeupe vinageuka manjano.

Vilivyong'ang'ania msivitenganishe kwa meno wala kisu. Kama ni vibapa viwili, bandikeni kitofali kinene upande wa juu na kingine upande wa chini, mpate pa kushika, halafu vutieni pembeni.

KUPANGA: UMBO KWANZA, RANGI BAADAYE

Wengi huanza kwa rangi: vyekundu huku, vya buluu kule. Inapendeza macho lakini haisaidii. Ukitafuta kipande kidogo chekundu ndani ya rundo jekundu, hukioni. Lakini kwenye mkebe wa vipande vya umbo moja vyenye rangi tofauti, chekundu kinajitokeza chenyewe. Muuza mitumba anajua jambo hili: suruali na suruali, shati na shati, mambo ya rangi baadaye.

Anzeni na mafungu sita tu:

1. Vitofali vinene vya kawaida, vya kujengea kuta.
2. Vibapa, yaani vile vyembamba. Vitatu vikipandana vinalingana na kitofali kinene kimoja.
3. Vya mteremko, vya kuezekea paa.
4. Magurudumu na vyuma vyake.
5. Milango, madirisha na vijitu.
6. Visivyo na kundi.

Msianze na mafungu ishirini, mtachoka kabla ya saa sita. Fungu likijaa mpaka chombo kinafurika, hapo ndipo mligawe. Vinene, kwa mfano, mvigawe kwa hesabu ya vinundu: vya nane, vya vinne, vya viwili. Kama rundo ni kubwa, chekeche ya waya ya kuchekechea mchanga, ikioshwa, itaangusha vile vidogo kabisa vyenyewe.

VYOMBO NA ALAMA

Mikebe ya mafuta ya kupikia, ndoo ndogo za rangi zilizooshwa, trei za mayai kwa vijitu na magurudumu: vyote vinafaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hivyo shoneni ya kitambaa. Chombo kipana kisicho na kina kirefu ni bora, maana mtoto anaona ndani bila kumwaga chote.

Watoto hawa bado hawajui kusoma. Gundisheni kipande kimoja nje ya kila mkebe, au chora picha yake. Hapo hata wa miaka minne anajua kila kitu kinarudi wapi.

KUCHEZA NA KURUDISHA

Tandikeni leso kuukuu au gunia lililofunguliwa. Watoto wachezee juu yake. Muda ukiisha, watu wawili washike pembe nne, vyote vinakusanyika katikati, hakuna kilichobaki chini ya dawati.

Halafu watoto wenyewe warudishe mikebeni. Hii si adhabu, ni somo. Kutambua vinavyofanana na vinavyotofautiana ndio mwanzo wa hesabu. Siku nyingine mwalimu awaambie wapange kwa rangi, siku nyingine kwa ukubwa, siku nyingine kwa vinundu.

MALI YA KIKUNDI

Tunajua hofu ya kamati: vitaibiwa, vitapotea, tutaulizwa. Ni hofu ya haki, lakini ina jibu. Msihesabu kimoja kimoja, pimeni kwa mizani. Vitofali 400 hivi vya vinundu nane ni kama kilo moja. Andikeni uzito wa kila mkebe katika kitabu cha mali, pale palipoandikwa viti na sufuria. Kila mwisho wa muhula mpime tena mbele ya wanachama wawili. Kikipungua kiasi kidogo, msimlaumu mwalimu, maana mtoto huondoka na kimoja mfukoni bila kujua. Kikipungua kingi, ulizeni.

Funguo zikae kwa mwalimu, si nyumbani kwa mwenyekiti. Wageni wakija, heri waone vitofali vilivyochakaa mikononi mwa watoto kuliko vipya ndani ya stoo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nasari yetu ina vitu gani vilivyofungiwa? Kwa sababu gani?
2. Wachanga wetu hukaa wapi siku ya mkutano, na sakafu hiyo hukaguliwa na nani?
3. Nani ana mikebe na magunia ya kutoa? Tukutane siku gani kupanga?