Vyuma vya Meno: Mzazi Achague Kipi?

Baada ya sala ya Isha, mzazi mmoja alinisubiri barazani. Bintiye wa miaka 13 ana meno ya mbele yaliyochomoza hata midomo haifumbi vizuri. Ustadhi wa madrasa amemrekebisha mara nyingi katika thaa na dhaal, herufi ambazo ncha ya ulimi hukutana na kingo za meno ya juu. Sasa binti husoma Qur'ani huku amejiziba kinywa kwa mtandio. Mzazi alikuwa na maswali mawili: je, kunyoosha meno si kubadili maumbile? Na ikiwa yajuzu, achague kifaa gani?

La kwanza halikunipa tabu. Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inawalaani wanaochonga meno ili kutengeneza mwanya kwa ajili ya urembo. (Sisi wa pwani tunaousifia mwanya tuisome mara mbili, ingawa mwanya wa kuzaliwa hauna neno.) Ama kutibu kasoro inayozuia kutafuna au kutamka, au inayomtia mtu dhiki, wanazuoni wameruhusu. Hutoa ushahidi kwa kisa cha sahaba Arfaja, aliyepoteza pua vitani: ile ya fedha aliyoiweka ilipotoa harufu, Mtume (SAW) alimwamuru aweke ya dhahabu.

La pili lilitupeleka kwa daktari wa meno. Alianza kwa kutuvunja moyo kidogo: hakuna kifaa cha haraka. Jino husogea kwa sababu mfupa huyeyuka taratibu upande unaosukumwa na kujijenga upande wa pili. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, pengine zaidi.

Vyuma vya kudumu ndivyo vinavyotumika zaidi. Vishikizo vidogo hugandishwa kwa gundi kwenye kila jino, kisha hupitishwa waya ambao daktari huurekebisha kila baada ya wiki nne hadi nane. Vina nguvu ya kugeuza hata jino lililojipinda, na mtoto hawezi kuvivua. Ila chakula hunasa. Asiyepiga mswaki kwa makini huvuliwa vyuma akabaki na mabaka meupe na meno yaliyooza. Muwa, kashata na mahindi ya kuchoma huwekwa kando. Vipo pia vya kauri, vyenye rangi ya jino: havionekani sana, lakini bei yake ni kubwa zaidi na huvunjika upesi.

Kisha kuna vifuniko vya plastiki angavu, vinavyobadilishwa kila wiki moja au mbili. Huvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki, na lazima vikae kinywani saa 20 hadi 22 kwa siku. Mwenye kufunga Ramadhani atavivaa mchana kutwa bila usumbufu. Tatizo ni futari ndefu ya familia zetu, pale kifuniko kinapoachwa juu ya sahani hadi usiku wa manane. Ni ghali, na kwa mtoto msahaulifu ni fedha iliyotupwa. Vile vifaa vya kuvua vyenye waya, wanavyopewa watoto wadogo, huinamisha jino tu. Kwa taya ya binti huyu havingetosha.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaulizi ni la baada ya matibabu. Meno hutamani kurudi yalikotoka, hivyo hutakiwa kifaa cha kuyazuia, mara nyingi cha kuvaa usiku kwa miaka mingi. Nilimsihi mzazi aulize gharama yote tangu mwanzo, pamoja na kifaa hicho na kila ziara, kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Wamechagua vyuma vya kawaida, na daktari amekubali walipe kidogo kidogo. Binti aliuliza jambo moja tu: kama ile mipira midogo ya kufungia waya inapatikana kwa rangi ya kijani. Inapatikana.