Mashine ya Madoido ya Gitaa na Spika za Kwaya

Ifikapo Desemba, wana wa Kilimanjaro waishio Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurejea kwao kwa Krismasi. Tangu Machame hadi Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, harusi hufuatana kama mvua za vuli, na kwaya na bendi hazipati usingizi. Hayo ndiyo majira ambayo vyombo hutumiwa kupita kiasi, na ndiyo majira ya spika kuungua: spika zilizonunuliwa kwa michango ya waumini, shilingi kwa shilingi.

Siku hizi mpiga gitaa haji na gitaa tu. Huja pia na kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, ambacho ndani yake mna mwangwi, mtetemo, mkwaruzo na madoido mengine mengi. Zamani kila aina ya madoido ilikuwa na kisanduku chake. CE-1, kwa mfano, kilichotolewa na Boss ya Japani mwaka 1976, kazi yake kubwa ilikuwa kulifanya gitaa moja lisikike kana kwamba ni mawili. Mashine ya dijitali hufanya hayo yote kwa hesabu: huipima sauti maelfu ya mara kila sekunde, huibadili kwa tarakimu, kisha huirudisha kuwa umeme. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa POD, iliyoiga hata sauti ya amplifaya na ya spika yake. Uigaji huo sasa umo katika mashine nyingi, nazo za bei nafuu, na ndio unaowachanganya vijana wetu.

Spika ya amplifaya ya gitaa, ambayo mara nyingi ni ya inchi 12, kwa kawaida haina twita. Sauti kali hufa humo, na mkwaruzo hutoka ukiwa umelainika. Spika za kwaya zina twita, kwani hupaswa kutoa mwimbaji, kinanda na ngoma kwa pamoja. Basi, mashine ikipelekwa kwenye miksa ya kanisa bila kuiga spika, mkwaruzo husikika kama nyuki ndani ya debe. Ikipelekwa kwenye amplifaya ya gitaa huku ikiiga spika, sauti huwa imefunikwa blanketi, maana imepitishwa katika spika mbili, moja ya kuigiza na moja ya kweli. Dawa ni moja: kwenye miksa, uigaji uwashwe, kwenye amplifaya ya gitaa, uzimwe. Mpigaji asiyejua hili huongeza sauti kali kwenye amplifaya, kisha humlaumu fundi.

Kuunganisha kwenyewe si kugumu. Waya wa gitaa huingia tundu lililoandikwa INPUT. Kama spika ni upande mmoja tu, hutumika tundu lililoandikwa MONO peke yake, nalo huenda kwenye miksa au mbele ya amplifaya. Amplifaya yenye tundu la RETURN huruhusu kuiruka sehemu yake ya kwanza, jambo linalofaa pale mashine inapoiga amplifaya nzima. Ikiwa miksa iko mbali, mwisho wa kanisa, hufaa kutumia kisanduku cha DI, la sivyo waya mrefu huokota mvumo njiani.

Hatari iko kwenye tundu la spika nyuma ya amplifaya. Gitaa hutoa umeme mdogo sana, kwa kawaida chini ya volti moja. Amplifaya ya wati 50 inayolisha spika ya omu 8, ikifikia nguvu yake yote, hutoa volti zipatazo 20. Umeme huo ukiingizwa kwenye mashine, huenda mashine ikafa papo hapo. Na kwa kuwa plagi za waya wa gitaa na za waya wa spika mara nyingi hufanana, kosa hili ni rahisi kutendeka gizani. Waya wa spika ni mnene. Wa gitaa, mwembamba uliovikwa wavu, usilishe spika kamwe.

Tena, spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa mzigo wa omu 4. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 kuwa ndicho kiwango cha chini italemewa. Ile ya taa za kioo isiwashwe kabisa bila spika.

Halafu kuna zawadi za ndugu walioko Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Wetu ni wa 230. Adapta isomwe kabla ya kuchomekwa. Mashine nyingi hutaka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Adapta nyingine zenye plagi ileile huweka chanya hapo.

Mashine iwashwe kwanza, amplifaya mwisho; wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Mvumo ukisikika, waya wa gitaa uchomolewe kwenye mashine. Ukiendelea, gitaa halina kosa. Ianze kukaguliwa adapta, kisha waya uendao kwenye miksa.