Mkanda Mweusi Haurithishi

Miyagi Chojun alipofariki Okinawa mwaka 1953, aliacha mtindo wa karate uitwao Goju-ryu na wanafunzi waliokaa naye miaka mingi, lakini hakuna aliyekuwa amepewa dani, yaani daraja la mkanda mweusi, kwa mkono wake. Aliyetazamiwa kumrithi, Shinzato Jin'an, aliuawa vitani mwaka 1945. Kwa aliyezoea kuona mikanda myeusi ikishonwa mistari ya dhahabu, huo ni uzembe wa mwalimu. Kumbe dani si mali ya asili ya karate. Ziliasisiwa Tokyo miaka ya 1880 na Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo; Funakoshi Gichin, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, akaziazima na kuwatunukia wanafunzi wake mara ya kwanza mwaka 1924. Katika Okinawa ya zamani, mwalimu alifundisha watu wachache uani kwake, na aliyeiva alitambulika kwa namna anavyosimama na kupumua katika kata, yaani mfululizo wa mienendo iliyopangwa, iitwayo Sanchin.

Nadai, basi, kwamba cheo kikubwa na urithi wa mtindo ni vitu viwili, ingawa tumezoea kuvifunga kwa mkanda mmoja. Dani za mwanzo hupima mwili: ngumi, teke, kata. Kadiri mtu anavyopanda, miaka ya kungoja huongezeka, na kinachopimwa huwa zaidi ni ualimu, umri na utumishi kwa chama. Huko juu kabisa swali huwa gumu: anayempa mtu dani ya kumi ni nani, ikiwa hakuna aliyemzidi? Mara nyingi ni baraza la walio chini yake. Hiyo ni heshima halali, ila ni heshima ya chama. Wasomi wa pwani yetu wanalo neno linalofaa zaidi, silsila: fulani alisoma kwa fulani, naye kwa fulani. Uzito wa silsila uko katika kukaa mbele ya mwalimu, na hapo ndipo ijaza, yaani idhini ya mwalimu ya kufundisha, hupata thamani.

Atasema mtu kwamba bila vyeti kila tapeli atajiita mrithi, na bila mrithi aliyetajwa ukoo utasambaratika. Hoja ya kwanza naikubali nusu: cheti humsaidia mzazi anayemtafutia mtoto wake mwalimu. Ya pili haisimami. Oyama Masutatsu, mwasisi wa mtindo wa karate wa Kyokushin, alikufa mwaka 1994 akiwa na vyeo, chama kikubwa cha kimataifa, na wosia uliosemekana kumtaja Matsui Akiyoshi kuwa mrithi. Wosia ukapingwa mahakamani, chama kikapasuka vipande. Goju-ryu nayo iligawanyika, sikatai: Miyazato Eiichi alifungua Jundokan, Yagi Meitoku akaongoza Meibukan, Toguchi Seikichi akawa na Shoreikan. Lakini mwanafunzi wa tawi moja akiona kata ya Saifa au Suparinpei ya tawi jingine huitambua mara moja, na tofauti anazoziona ni za lafudhi. Waliokuwa wamejifunza kwa Miyagi walikuwa na kitu cha kupokezana, cheti kiwepo kisiwepo. Na mwalimu wa Miyagi mwenyewe, Higaonna Kanryo, ambaye matawi hayo yote humtaja katika silsila yao, alikufa mwaka 1915, miaka tisa kabla ya Funakoshi kutoa dani zake za kwanza.