Kuendesha Seva ya Wavuti kwa Skripti

Kiolesura cha usimamizi ni sehemu ya seva ya wavuti ambayo msimamizi huitumia kuwasha, kuzima na kubadilisha programu zilizomo. Wageni wa tovuti hawaioni. Msimamizi anaweza kufungua kivinjari na kubofya vitufe, lakini kama kazi ni ileile kila usiku, huandika skripti, yaani faili la amri ambazo kompyuta huzitekeleza kwa mfuatano bila mtu kukaa mbele yake. Watahiniwa wengi hulieleza hili vizuri, kisha hupoteza alama kwenye kipengele cha usalama.

Chukua mfano wa Apache Tomcat, seva ya programu za Java. Hupokea amri kwa njia ya anwani ya kawaida ya wavuti. Tuseme ndani yake kuna programu iitwayo matokeo, na unataka kuipakia upya. Skripti itatumia programu ya curl, mstari mmoja tu:

curl -n "http://localhost:8080/manager/text/reload?path=/matokeo"

Usome kwa vipande. localhost ni kompyuta hiyohiyo. 8080 ni namba ya poti. Reload ni amri. Kinachofuata alama ya kuuliza hutaja programu inayoamriwa. Ile -n huiambia curl ichukue jina na nenosiri kutoka faili la .netrc, ambalo mwenyewe tu aruhusiwe kulisoma. Ukiliandika nenosiri ndani ya skripti, kila utakayempa nakala ya skripti umempa na nenosiri.

Amri nyingine: list huleta orodha ya programu zote. stop huizima programu, nayo hubaki pale. undeploy huiondoa na kufuta faili zake kwenye seva. Mtahini anapenda kukuuliza tofauti ya hizi mbili za mwisho.

Anayebofya vitufe huliona kosa kwenye skrini. Skripti haina macho. Tomcat hujibu kwa maandishi, na mstari wa kwanza huanza na OK au FAIL. Skripti iliyoandikwa vizuri husoma neno hilo kabla ya kwenda hatua inayofuata. Usidhani kwamba curl ikimaliza kimya basi kazi imefanyika. Maana yake ni kwamba jibu limefika, na jibu lenyewe laweza kuwa FAIL.

Sasa usalama. Katika uthibitishaji wa msingi wa HTTP, jina juma na nenosiri siri huunganishwa kuwa juma:siri, kisha husafiri kama anVtYTpzaXJp. Inaonekana kama siri kubwa, kumbe ni usimbaji wa Base64 tu, na yeyote anaweza kuurudisha kwa sekunde moja. Kwa hiyo amri ikipita kwenye mtandao lazima itumie HTTPS. Kwa mpangilio wake wa awali, Tomcat hukubali amri za usimamizi kutoka kompyuta yake yenyewe tu. Mimi naona ni bora kuuacha hivyo: ingia kwenye seva kwa SSH, kisha tuma amri kwa localhost.

Jambo la pili ni majukumu. Tomcat ina manager-gui kwa ajili ya kivinjari na manager-script kwa ajili ya skripti. Mtumiaji mmoja asipewe yote mawili. Kivinjari kikishaingia hulikumbuka nenosiri na hulituma chenyewe. Mtu akikutumia kiungo kilichofichwa amri ya undeploy, nawe ukakibofya, seva itaipokea kama amri yako halali na programu itafutwa. Kurasa za manager-gui zina kinga dhidi ya hila hiyo. Kiolesura cha skripti hakina.

Swali la mazoezi: Skripti imetuma undeploy badala ya stop, na curl haikuonyesha kosa lolote. (a) Eleza kilichoipata programu. (alama 2) (b) Kwa nini ukimya wa curl si uthibitisho? (alama 2) (c) Taja hatua mbili za kulinda nenosiri la skripti, ukitoa sababu kwa kila moja. (alama 4)